Je, Wajua? Mkoko Uliosimama Nao Una Bei

Je, wajua kwamba upana wa vyumba katika nyumba za kale za Lamu uliamuliwa na mkoko? Dari ililazwa juu ya boriti za mkoko, na kwa kuwa boriti hazikuvuka mita tatu kwa mbali, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Ziliuzwa kwa korja, miti ishirini ishirini, na majahazi yakazipeleka hadi Uarabuni. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Muda wote huo mkoko ulikuwa na bei ukishakatwa tu. Ukiwa umesimama ulivunja nguvu ya mawimbi na kulea kamba, kaa na samaki wachanga, ila kazi hiyo haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, miaka ya 1970 mikoko ilikatwa ikawa kuni za viwanda, hadi mahali pengine pakabaki tope tupu.

Na tope lenyewe ni hazina. Lichimbue kidogo: ni jeusi, linanuka kama yai viza, na ndani yake mna vijizizi na majani ambayo hayajaoza. Humo hewa haipenyi, hivyo kaboni iliyofyonzwa na mti hukaa imezikwa miaka na miaka. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko imo chini ya miguu yako, haimo kwenye matawi.

Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza kuuza kazi hiyo ya mti ya kuzika kaboni kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza wa aina yake duniani. Wanatunza hekta 117, na kila mwaka huuza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa. Mnunuzi wa ng'ambo hapelekewi hata fito moja. Analipia mti kubaki ulipo. Fedha zimeleta maji safi na vitabu vya shule, na wanakijiji wenyewe ndio huamua zitumikeje.

Kwangu mimi, busara kubwa iko kwenye mvinje. Mtu wa Gazi bado anahitaji kuni za kupikia na nguzo za kujengea, na ukimnyima zote mbili, usiku ataingia mikokoni na shoka. Basi mradi ukapanda mivinje nchi kavu, ili pawe na mti wa kukatwa.