Daftari la Msomaji: Juu ya Kuorodhesha Vitabu vya Kusoma na Michezo ya Kutazama

Makala hii ina nia ya kueleza jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni namna mtu awezavyo kuweka hesabu ya vitabu anavyotaka kuvisoma, na ya michezo, filamu na ngoma anazotaka kuzitazama. Mfano wetu tutauchukua Mlabani, kata mojawapo ya mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero. Sababu ni mbili. Kwanza, msomaji wa mahali kama hapo yu mbali na maktaba kubwa na wachapishaji wa Dar es Salaam. Mara nyingi kitabu humfikia kwa kuazimwa, na pengine hakikai naye zaidi ya juma moja. Pili, Ifakara ina desturi yake ya kuandika madaftari, ambayo haihusu vitabu hata kidogo, lakini ina funzo kubwa kwa msomaji. Funzo hilo tutalifikia mbele.

Asili ya maneno

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno daftari tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa, maana ngozi ndiyo iliyoandikiwa zamani. Neno fahirisi nalo ni la Kiajemi lililoingia katika Kiarabu kisha likafika kwetu. Mwaka 987 Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, alitunga kitabu kwa jina hilo, akataja ndani yake vitabu vya lugha ya Kiarabu alivyovijua. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Callimachus wa Aleksandria alikuwa amekwisha kuandika orodha ya waandishi wa Kiyunani iliyojaa magombo 120.

Orodha ya Callimachus imepotea, isipokuwa vipande vichache. Ya Ibn al-Nadim imebaki, ila vitabu vingi alivyovitaja havipo tena duniani. Twavijua majina tu, na majina hayo twayajua kwa sababu yeye aliyaandika. Basi orodha si msaada wa kumbukumbu ya mtu mmoja peke yake. Pengine ndiyo ushahidi pekee kwamba kazi fulani iliwahi kuwako.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi hii imefanywa na watu wachache. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisimamia usanifishaji wa lugha ya vitabu, na Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilitoa vitabu vingi vya kusomwa na watu wa kawaida. Mwaka 1965 Marcel van Spaandonck alichapisha huko Leiden orodha ya maandishi yahusuyo Kiswahili, na mwaka 1970 J. W. T. Allen akatoa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Hizi ni kazi za thamani. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo ni haba kuonekana nje ya maktaba za vyuo. Msomaji wa Mlabani hana budi kuwa mtunga fahirisi wake mwenyewe.

Matatizo ya majina

Mtu atakayeanza daftari lake atakutana upesi na taabu ambazo watunza maktaba wamezijua siku nyingi. Ya kwanza ni jina la mwandishi. Je, Shaaban Robert aandikwe penye S au penye R? Desturi ya maktaba za Ulaya hutanguliza jina la mwisho kwa kuwa huko ni jina la ukoo. Kwetu jina la pili mara nyingi ni la baba, na watu humtaja mtunzi kwa jina lake mwenyewe au kwa majina yote pamoja. Rai yetu ni kwamba katika daftari la nyumbani jina lifuate ulimi wa wenyeji, mradi mtu achague njia moja na kuishika.

Taabu ya pili ni jina la kazi. Utenzi mashuhuri wa Mwengo bin Athumani, ambao mswada wake una tarehe ya 1728, huitwa Utendi wa Tambuka, na pia huitwa Chuo cha Herekali. Tena, watu wa kaskazini husema utendi ambapo Kiswahili Sanifu husema utenzi. Asiyejua haya ataiandika kazi moja mara tatu, akidhani ana deni la kazi tatu. Hali ni hiyo hiyo katika filamu. Katika vibanda vya video, ambavyo watu huviita vibanda umiza, filamu za kigeni zimekuwa zikionyeshwa pamoja na maelezo ya Kiswahili ya wafasiri kama Lufufu, na watazamaji huzipa majina yao wenyewe. Kwa hiyo penye jina pawekwe nafasi ya jina la pili.

Taabu ya tatu ni tarehe. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Anayefuata mwaka wa chapa peke yake ataviweka vitabu hivi katika zama za Azimio la Arusha, hali mtunzi hakuishi hata kuziona. Mwaka wa kuandikwa ukijulikana, uwekwe kando ya mwaka wa chapa.

Ya nne ni kazi iliyo na sura mbili. Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliochapishwa mwaka 1969, wahusu Vita vya Maji Maji, ambavyo viliwagusa sana watu wa bonde hili. Boma la Mahenge, ng'ambo ya mto, lilishambuliwa mwezi wa Agosti 1905. Mwanafunzi wa Ifakara aweza kuusoma darasani asiwahi kuuona ukichezwa. Je, aukate katika orodha? La. Mchezo uliosomwa tu umejulikana nusu. Vile vile Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Aliyeiona filamu hajaisoma riwaya, wala aliyesoma riwaya hajaiona filamu. Ziandikwe kuwa ni kazi mbili, na kila moja itaje mwenziwe.

Vitu visivyo na jalada

Hata hivyo, kuna mambo ya kutazama ambayo hayana jalada, wala mwaka wa chapa, wala mtunzi ajulikanaye. Sangula ya Wapogoro ni mfano. Mtu hawezi kwenda dukani kuiulizia. Huna budi kujua itachezwa lini, wapi, na kwa jambo gani. Aghalabu madaftari ya wasomi huacha vitu hivi nje, kwa sababu havina mahali katika safu zilizopigwa mistari kwa ajili ya vitabu. Hapo ndipo ilipo hasara kubwa. Kitabu kisichosomwa mwaka huu chaweza kungoja. Mzee anayejua nyimbo za Kindamba au Kipogoro hangoji. Basi katika daftari hilo hilo ngoma iandikwe kwa mahali, msimu na mwenye kuijua, nayo itangulizwe mbele ya vitabu.

Funzo la madaftari ya kaya

Sasa tulifikie lile funzo. Tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wa Ifakara walianza kuandikisha kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Kila kaya ilipewa namba, na wadadisi wakawa wanairudia kila baada ya miezi minne, wakiuliza mambo machache yale yale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama. Maana yake ni kwamba nguvu ya daftari lile haikuwa katika kuandika mara ya kwanza, bali katika kurudia. Hesabu ya watu isiyorudiwa huwa ya uongo baada ya muda mfupi, ijapokuwa siku ya kwanza ilikuwa kweli tupu.

Orodha za wasomaji hufa kwa kukosa jambo hili. Mtu huongeza majina kila asikiapo sifa ya kitabu, wala haondoi lolote. Mwishowe daftari humlaumu badala ya kumsaidia, naye hulifunga. Dawa ni kulipitia mara tatu kwa mwaka, kama kaya zilivyopitiwa, na kuuliza maswali manne: kipi kimeingia, kipi kimekwisha kusomwa au kutazamwa, kipi kimehama kutoka kwa mwenye kukiazimisha, na kipi sikitaki tena? Kufuta jina si kushindwa; ni kuiweka hesabu katika kweli.

Sura ya daftari

Kwa muhtasari, kila kazi ipewe mstari mmoja wenye mambo sita: jina na jina la pili, mtunzi, mwaka, aliyekutajia na sababu yake, mahali ilipo, na hali yake. Jambo la nne lisidharauliwe. Baada ya mwaka mmoja jina tupu halisemi kitu, lakini maneno kama «mwalimu alisema kinaeleza utawala wa wazee» huirudisha hamu ya kwanza. La tano ndilo lifaalo zaidi mahali ambapo vitabu huazimwa, kwa kuwa kujua kitabu kiko kwa nani ni nusu ya kukisoma.

Simu yaweza kufanya kazi hii kama karatasi, lakini simu hupotea. Karatasi nayo ina adui wake: mto Lumemo ufurikapo, maji huingia majumbani mwa watu wa Ifakara. Nakala mbili, kila moja mahali pake, zatosha kuondoa hofu.

Mwisho, daftari la mtu mmoja likiunganishwa na la jirani yake hugeuka kuwa jambo jingine. Wasomaji kumi wa Mlabani wakiandika kila mmoja ni vitabu gani anavyo, na ni ngoma gani na wazee gani awajuao, watakuwa wametunga fahirisi ya mji wao, ambayo hapana chuo kikuu kiwezacho kuitunga kwa niaba yao. Walimu wa shule wanaweza kulianza jambo hili muhula ujao, na gharama yake ni daftari moja kwa kila mwanafunzi.