Macho Mekundu ya Bibi Kizee

Mwanamume mwenye mvi huitwa mzee, na neno hilo lina heshima ndani yake. Mwanamke wa umri huohuo huitwa kikongwe au ajuza; akiwa na macho mekundu huongezewa jina la mchawi. Jina hilo huua. Hesabu za serikali zilionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa 2,286. Wengi waliuawa Usukumani.

Chanzo cha wekundu huo chaweza kuelezwa bila kwenda mbali. Miyuji, kaskazini mwa Dodoma, imo katika uwanda mkavu ambako ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ulisumbua vizazi vingi. Bakteria wake huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi watuao kwenye nyuso za watoto zisizonawishwa. Alezaye watoto huambukizwa tena na tena. Baada ya miaka mingi upande wa ndani wa kope hujaa makovu, kope hupinda, na nywele zake hukwaruza jicho kila lifumbwapo. Jicho hutoa machozi, huwa jekundu, mwishowe hupofuka. Ndiyo maana wanawake huathirika kuliko wanaume. Moshi nao huchangia: ndani ya tembe lenye matundu madogo hauna pa kutokea, na Usukumani, ambako kuni zimekuwa adimu, watu huchoma hata samadi kavu. Macho hayo, basi, yameharibiwa na kupika na kulea.

Hata hivyo, somo la bakteria peke yake halitoshi. Mara nyingi mtuhumiwa ni mjane mwenye shamba, na kifo chake humaliza ugomvi wa urithi. Macho ni kisingizio tu. Mwaka 1969 daktari Robert Butler wa Marekani aliupa jina ubaguzi wa umri. Huko mzee hudharauliwa kuwa hana uwezo wowote. Huku bibi kizee huogopwa kuwa anao mwingi mno. Katika hali zote mbili hakuna anayemwuliza anaumwa nini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyataja mauaji hayo. Kuhusu macho yenyewe, utafiti wa Kongwa, mashariki ya Dodoma, uliotangazwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa watoto wenye nyuso safi hupungukiwa na vikope vikali. Kwa bibi ambaye kope zake zimekwisha kupinda, upasuaji mfupi wa ganzi huzigeuza nje, naye hurudi nyumbani siku hiyohiyo.