Akili Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Mara nyingi twasikia mzazi akisema: "Mtoto huyu hana akili." Je, ameipima kwa kipimo gani?

Mwaka 1938 Mwingereza John Raven alitoa kipimo cha michoro. Mtu huonyeshwa mchoro uliopungukiwa kipande, naye achague kile kinachofaa. Maswali ni 60, wala hayahitaji kusoma. Basi wengi waliamini kwamba chapima watu wote sawasawa. Mwaka 1957 mtaalamu André Ombredane na wenzake walitangaza matokeo ya Baluba 485 waliopimwa hivyo. Lakini mwaka 1959 J. L. Laroche aliandika juu ya watoto wa Katanga waliorudia kipimo kile kile. Anayerudia kwa kawaida hupata alama zaidi. Je, akili imekua kwa siku chache? La, macho yamezoea michoro.

Sasa tutazame nchi ya Baluba, ambamo mji wa Kamina umo. Wazee wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoshikika mkononi, kilichopigiliwa shanga. Shanga moja yaweza kuwa mfalme, mstari wa shanga ukawa njia. Mzee akipitisha kidole juu yake, alisimulia wafalme, safari zao na mahali patakatifu, akichagua maneno kwa kadiri ya wasikilizaji. Elimu hiyo haikupatikana ila kwa kupanda ngazi za chama, hata ya juu.

Tungempa profesa wa Ulaya kibao hicho na kumwambia, "Haya, soma," angepata alama ngapi?