Povu jekundu

Kwetu Kanyaruchinya, kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, unene ni sifa. "Mama, umenawiri!" majirani huniambia. Nami nilifurahi, hadi asubuhi moja nilipopiga mswaki nikatema povu jekundu juu ya mawe meusi ya volkano. Nikalaumu mswaki.

Kumbe damu ilitoka kwenye fizi, na huenda unene ulichangia, maana mafuta ya mwilini hayalali. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwili mzima, hivyo bakteria wa utando wa meno wakishambulia, fizi huumia zaidi. Unene pia hukaribisha kisukari, nacho huzidisha maradhi ya fizi. Hata hivyo, si kila mnene huugua, wala wembamba si kinga.

Sasa nimepunguza sukari, napiga mswaki asubuhi na usiku. Fizi zenye afya hazitoi damu. Ukiiona, mwone daktari wa meno.