Wimbo usiseme na muchimbaji peke yake

Wakati Franco Luambo alitoa wimbo wake Attention na SIDA, mu 1987, watu wengi walikuwa wangali wanaona haya kutaja ule ugonjwa. Wimbo ni murefu, zaidi ya dakika kumi, mu Kifransa na mu Lingala. Kile ninapenda ndani ni hiki: Franco hakuonya wagonjwa peke yao. Aliita wanafunzi, walimu, wanganga, watu wa dini, hata serikali, kila mumoja na kazi yake.

Siye wa Katanga tunajua nguvu ya gitaa tangu zamani. Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville (leo Likasi) mu 1952. Kisha alifika mupaka Nairobi, kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo naye aliimbia Coca-Cola. Wenye biashara walielewa mapema: gitaa inaingia mu nyumba kwenye karatasi haiingie.

Leo ma-ONG na makompanyi wanatuletea nyimbo mu migoti na mu makartié. Vaa kaske. Peleka mutoto ku masomo. Usishuke mu shimo kisha mvua. Sikatae hata moja. Ni familia gani kwetu haijalilia mutu mwenye kufunikwa na udongo?

Lakini sikilizeni muzuri: nani anaambiwa? Ni muchimbaji tu, sawa vile mauti yote inatoka mu kichwa chake kigumu. Kaske, nani analeta? Mbao za kushikilia shimo, nani anazilipa? Baba hajapata mushahara miezi mitatu, halafu redio inamuimbia juu ya masomo! Wimbo juu ya mizani ya wenye kununua madini, mie sijausikia mupaka leo. (Wamama wenye kuosha mawe njo wangeuimba muzuri zaidi, wanajua vile kilo inapungua.)

Kwa hiyo, vijana wenye gitaa, wakiwaita kuimba, chukueni kazi, mulipwe. Ila mbele ya studio, mukae kwanza na wachimbaji na wake wao. Ubeti moja kwa muchimbaji, moja kwa kapita, moja kwa mununuzi, moja kwa Leta. Na kama mwenye kulipa anataka ule wa mununuzi utoke, muulizeni sababu mbele ya watu wote.