VIRUSI VYA KOMPYUTA NA MACHO YA INTANETI: TUJILINDE NAMNA GANI?



Mwaka jana yaya yangu alikuwa anamaliza masomo ya juu hapa Butembo. Kazi yake ya mwisho, ile wanaita TFC, ilikuwa ndani ya kle USB moja tu. Siku tatu mbele ya kuitoa, alipeleka kle mahali pa kuchapa karatasi mjini. Aliporudi nyumbani na kuifungua, kila faili ilikuwa imegeuka alama yenye kamushale kadogo, na hakuna hata moja iliyofunguka. Akarudi kule mbio. Mwenye mashine akamwambia: «Kle iko na virusi. Tuifute yote, ni dakika mbili tu.»

Yaya alikuwa karibu kukubali. Kwa bahati jirani yetu anayetengeneza kompyuta akakuta maneno hayo, akasema: «Usifute kitu! Kazi yako ingali humo. Imefichwa tu.» Na kweli, ilikuwa humo. Mama aliyeuza maharagwe kwa kulipa masomo hayo alishukuru sana siku ile. Ndiyo sababu naandika. Wengi kati yetu tumekwisha kupoteza kazi ambayo haikuwa imepotea.

VIRUSI NI NINI?

Hakina uhai, wala hakiletwi na vumbi au mvua. Virusi vya kompyuta ni programu, maana yake maagizo yaliyoandikwa na mtu kusudi yajinakili yenyewe toka mashine moja mpaka ingine. Kimoja cha kwanza kwa kompyuta za mezani kilitoka Pakistan mwaka 1986. Kiliitwa Brain, kiliandikwa na ndugu wawili, na kilitembea kwa disketi. Leo disketi zimekwisha, lakini njia ni ile ile: kle inayopita toka mkono hadi mkono.

Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa sana mambo ya kuambukizana. Toka tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilikuwa katika eneo letu, na watu zaidi ya 2.200 walikufa. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka ndoo za maji ya klore kwenye mlango, na kipima joto kwenye paji la uso. Silinganishi kifo cha mtu na faili. Lakini somo moja ni sawa: mgonjwa aliyefichwa aliambukiza wengi, na kunawa kulikuwa kazi ya kila mtu, si ya daktari peke yake.

KAMA KLE IMEKWISHA KUSHIKWA

Usiifute. Fuata mpango huu:

1. Safisha kwanza kompyuta kwa antivirusi. Ukianza na kle, mashine mbovu itaificha tena.

2. Kisha ingiza kle, na antivirusi ikaguze kle nayo. Usibonyeze zile alama zenye mshale, kwani ndizo zinaamsha virusi.

3. Tafuta dirisha jeusi la maagizo kwa kuandika cmd mahali pa kutafutia. Humo andika mstari huu, na mahali pa E weka herufi ya kle yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Maana yake: toa mafichoni kila kitu kilicho humu. Ngoja kidogo.

4. Nakili kazi zako kwenye mahali safi. Ukimaliza, sasa ndipo unaweza kufuta kle yote.

KUZUIA NI BORA

Uwe na kle mbili. Moja ni ya njia: haibebi kitu isipokuwa karatasi unayoenda kuchapa siku ile, ikiwa katika PDF. Ingine ni ya nyumba, haitoki. Kle ya njia ikirudi na virusi, hujapoteza kitu. Na kazi kubwa kama TFC ikae mahali pawili au patatu, na nakala moja isibaki imechomekwa kwenye mashine.

Kompyuta yenye Windows 10 au 11 iko na antivirusi yake ndani, inaitwa Defender, na hailipwi. Wengi wanaizima ili waweke programu walizopata bure kwa rafiki pamoja na «krak» ya kuvunja kufuli. Angalia muzuri: yule anayekuambia uzime mlinzi ili zawadi yake iingie, anataka nini?

Tena, ukubali matengenezo yanayotumwa na waliounda programu. Najua tutasema: «Mega ni bei kali.» Ni kweli. Lakini tuangalie yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017. Virusi vinavyoitwa WannaCry vilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200.000 katika inchi kama 150, na kuomba malipo kwa kuzifungua. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa yake? Microsoft ilikuwa imeitoa mwezi Machi mwaka ule ule. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuiweka. Basi afazali kukusanya mega mara moja kwa mwezi kwa kazi hiyo kuliko kutazama video kila usiku. Tujue pia kwamba matengenezo ya bure ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua mashine iliyotumika aulize kwanza kama inaweza kupokea Windows 11, au aweke Linux, ambayo ni bure.

NANI ANATUFUATA?

Kuna jambo lingine, nalo si virusi. Ukifungua ukurasa wa intaneti, ukurasa huo unaacha alama ndogo ndani ya kompyuta yako. Tunaziita vidakuzi. Zilianzishwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Kusudi lilikuwa zuri: duka likumbuke vitu ulivyochagua. Bila hizo ungeandika neno la siri kila mara unapogeuza ukurasa.

Lakini mara nyingi ndani ya ukurasa mmoja mna makampuni mengine ya matangazo, na kila moja inaweka alama yake. Ukienda ukurasa mwingine, kampuni ile inakutambua: «Huyu ndiye aliyetafuta dawa ya tumbo asubuhi.» Ni kama mtu anayekufuata sokoni, anaandika kila duka unaloingia, kisha anauza daftari yake.

Tufanye nini? Kataa vidakuzi visivyo vya lazima wakati ukurasa unakuuliza. Tumia Firefox, ambayo toka 2019 inazuia yenyewe wafuataji wengi wanaojulikana. Usidanganyike na dirisha la siri: linakuficha mbele ya ndugu yako anayetumia mashine ile ile, lakini si mbele ya kampuni inayokuuzia mega, wala mbele ya ukurasa wenyewe. Ukiwa kwenye siber, toka kwenye konti yako mbele ya kusimama, na ukatae mashine isikumbuke neno la siri.

Namba ya siri ya feza za telefone, na ile kode inayofika kwa ujumbe, usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni. Na picha ya telefone inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Katika eneo letu, ambapo watu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi, si kila anayetaka kujua uko wapi anakutakia mema. Zima alama ya mahali wakati huihitaji.

Sheria nayo iko: Kode ya Numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria haiwezi kufunga mlango ulioacha wazi mwenyewe.

OMBI LANGU

Wenzangu, toka juma lijalo katika chumba cha kompyuta, kila kle ipitie kwanza meza ya mlangoni ili ikaguliwe, mbele ya kuingia katika mashine ingine. Wakubwa na wadogo, na mimi pamoja. Yule ambaye kle yake itakutwa na virusi, tusimcheke. Tukimcheka leo, kesho ataificha, na kazi zetu wote zitapotea. Aseme tu, tutamsaidia kuisafisha kwa mpango ule wa juu.



Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho