"Niko nafanya anketi": namna mwanafunzi anajifunza kuuliza

Mwaka wa mwisho unapofika, mwanafunzi wa sosiolojia au wa maendeleo mjini Bukavu anatakiwa kuandika kazi ya kumaliza masomo, ile wengi wanaita TFC au memuari. Wengine wanagawa karatasi za maswali na kuhesabu majibu. Wengine wanachagua mahojiano marefu: kukaa na mtu saa moja hivi na kumuacha aeleze maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Njia hii ya pili inaonekana rahisi, sababu kila mtu anajua kuuliza. Siku ya kwanza sokoni inaonyesha kwamba sivyo.

Shida inaanza na neno lenyewe. Kwa Kifaransa, utafiti wa chuo na uchunguzi wa polisi vina jina moja, na Kiswahili cha huku kimelichukua vile vile: anketi. Mwanafunzi akifika soko ya Kadutu na kumwambia mama muuza makala "niko nafanya anketi," mama anaweza kuelewa kwamba OPJ amefika, ao mtu wa kodi. Neno "usalama" nalo linatisha. Ukiuliza sana habari za usalama wa kartye, watu wanajiuliza nani amekutuma. Afazali kusema wazi: niko mwanafunzi, nasoma mahali fulani, naandika kitabu cha kumaliza masomo.

Tena, watu wa mashariki wameulizwa sana. Tangu vita vya 1996, mashirika yamepita na karatasi zao, yakaandika majina, yakaenda. Ndiyo maana jibu la kwanza mara nyingi ni swali: "Na miye nitapata nini?" Aliyezoea kuandikwa anataja njaa kwanza, hata kama ameulizwa habari za shule. Huyo si mwongo. Amejifunza kwamba karatasi inaweza kuleta unga na mafuta. Mwanafunzi anapaswa kusema tangu mwanzo kwamba hana msaada wowote wa kutoa, hata kama kwa kusema hivyo atapoteza watu wawili watatu. Anayenyamazia jambo hilo atarudi nyumbani na majibu mengi yasiyofaa kitu.

Kisha kuna swali lenyewe. Tuseme anatafuta kujua namna wamama wa soko wanavyoaminiana katika likelemba. Mwenye haraka anauliza: "Mama, munaaminiana?" Jibu ni "ndiyo," na mazungumzo yamekufa. Aliyejifunza anauliza: "Mama, mara ya mwisho mulipochanga, pesa ilienda kwa nani, na ilikuwa namna gani?" Hapo mama anaanza mbali: yule aliyepokea wa kwanza kisha akahama kartye, mukubwa wa kikundi aliyelipa deni kwa mfuko wake, mume asiyejua kama kuna pesa inawekwa. Kazi ya mwanafunzi hapo ni kunyamaza. Na mama akinyamaza pia, asikimbilie swali lingine. Aseme tu "kisha?" na kungoja. Kungoja ndiko kunawashinda wengi, kuliko kuandika maswali.

Lakini mume asiyejua sasa yuko ndani ya telefoni ya mwanafunzi. Sauti ikisikika kwa majirani, mama anaweza kupigwa ao kunyanganywa akiba. Kwa hiyo ruhusa ya kurekodi inaombwa kabla, na mtu anaambiwa kwamba anaweza kukataa swali ao kusimamisha yote katikati. Jina halitajwi kwenye sauti wala halitumiwi kuita faili. Telefoni inaweza kufunguliwa kwenye bariere, kwa hiyo heri kuhamisha sauti mahali penye neno la siri na kuifuta kwenye telefoni kabla ya safari. Walimu wanasisitiza sana karatasi ya kutia sahihi. Ila kwa mtu aliyekwisha kukimbia vita, sahihi yenyewe inaweza kuogopesha, na ruhusa ya mdomo, ikielezwa vizuri, inatosha.

Jioni kazi ngumu inangoja. Saa moja ya sauti inaweza kula saa nne, tano, hata zaidi za kuandika, na bado kuna kutoka Kiswahili ao Mashi kwenda Kifaransa. Pale "likelemba" inageuka "tontine", na kicheko cha mama alipotaja aliyehama na pesa kinapotea kama hakikuandikwa pembeni. Ndiyo sababu wenye kuzoea hawangoji mahojiano yafike kumi. Ya kwanza wanaiandika usiku ule ule, wanaona pale walipomkata mama maneno, na kesho wanarudi sokoni na swali moja limebadilika.